Fidla Ikinyanyuka

Paliondokea bwana mmoja, mzaliwa wa Tanga, fundi wa lifti mjini München, na mkewe mtu wa Bukoba. Bwana yule alikulia kwenye taarabu. Alipofika Ulaya akakutana na opera, akaona hajatoka mbali na kwao: okestra imekaa, mwimbaji amesimama mbele, analilia mapenzi na kisasi, na hana haraka ya kumaliza. Akanogewa. Miaka mingi alisikiliza kwa simu akiwa kazini, sikio moja kwenye muziki na jingine kwenye mota za lifti, mpaka akaapa kwamba kiangazi kile, liwake jua inyeshe mvua, atakwenda kuisikia Aida kule inakoimbwa chini ya mbingu tupu, Verona, Italia.

Liwake jua inyeshe mvua: ndivyo alivyosema. Mkewe alimsikia, akanyamaza.

Aida ina haki ya kuapiwa. Giuseppe Verdi aliitunga kwa ajili ya Cairo, na ndiko ilikoonyeshwa mara ya kwanza, tarehe 24 Desemba 1871. Shujaa wake ni binti mfalme wa Ethiopia aliyetekwa akafanywa mtumwa katika jumba la Farao, kisha akampenda jemadari yule yule anayepelekwa kupigana na baba yake. Mwafrika anayeitazama ana mawili matatu ya kunung'unikia kuhusu namna Waethiopia wanavyochorwa humo, lakini sauti zikipanda manung'uniko hukaa foleni.

Verona nayo ina haki yake. Katikati ya mji pana uwanja wa mviringo wa mawe, Arena, uliojengwa na Warumi katika karne ya kwanza ili watu wauane mbele ya watazamaji. Tetemeko la ardhi la mwaka 1117 liliangusha karibu ukuta wote wa nje, likabakiza kipande chenye matao machache tu, lakini bakuli la ndani lilisalimika, vidato kwa vidato. Tarehe 10 Agosti 1913, kuadhimisha miaka 100 tangu Verdi azaliwe, mwimbaji Giovanni Zenatello na wenzake walipandisha Aida pale. Sauti ikasikika mpaka kidato cha juu bila chombo chochote cha kuikuza. Tangu hapo, ukiondoa miaka ya vita vikuu viwili, opera imekuwa ndiyo kiangazi cha Verona. Maria Callas aliimba Italia kwa mara ya kwanza hapo hapo, tarehe 2 Agosti 1947, katika La Gioconda ya Ponchielli. Jukwaa lipo, historia ipo, vidato vya kukalisha maelfu ya watu vipo. Kisichokuwepo ni paa.

Na mbingu ya Verona wakati wa kiangazi si ya kuaminiwa. Mji umekaa ukingoni mwa bonde la mto Po, tambarare kubwa yenye joto la kunata, kaskazini imezibwa na milima ya Alps, kusini na milima ya Apennines. Magharibi, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari, lipo Ziwa Garda. Mchana kutwa hewa ya bondeni hupashwa joto na kunywa unyevu. Jioni hewa baridi ikivuka milima na kuikuta, ile ya joto hurushwa juu kwa nguvu, na hapo ndipo radi inapozaliwa, mara nyingi na mvua ya mawe ndani yake. Saa ambayo mawingu ya radi hupenda kupasuka ni jioni na usiku. Opera nayo huanza usiku, kwa kuwa mchana mawe yale hayakaliki.

Wiki ya safari, simu ya mke ilionyesha ngurumo kuanzia saa nne usiku.

"Baba watoto, hali ya hewa si nzuri. Nichukue yale makoti ya plastiki?"

"Makoti ya plastiki kwenye opera? Mama watoto, watu watatuona wa kuja."

"Sisi ni wa kuja."

"Simu hiyo hiyo jana ilisema leo kutakuwa na mawingu, mbona jua linawaka? Na hata ikinyesha, mimi nimekua na masika ya Tanga. Manyunyu ya Wataliano yatanifanya nini?"

Hapa ndipo kosa lilipoanzia, na lilianzia kwenye jambo analolijua vizuri. Mvua ya pwani haiji na baridi. Unalowa, unacheka, nguo zinakaukia mwilini, maisha yanaendelea. Mvua ya radi kaskazini mwa Italia huja na upepo unaoshuka kutoka juu mawinguni. Katika muda mfupi joto la nyuzi 30 linaweza kuporomoka kwa nyuzi 10 au zaidi, na wewe umevaa shati la hariri, umekaa juu ya jiwe. Mtu wa Tanga anaijua mvua, lakini ile ya kwao.

Mkewe anaijua nyingine. Kanda ya Ziwa hakuna msimu wa mvua unaopita bila habari ya mtu au ng'ombe kupigwa na radi. Mtoto wa Bukoba hafundishwi kuogopa maji, hufundishwa kuhesabu. Umeme ukimulika unaanza: moja, mbili, tatu, mpaka ngurumo ifike. Sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Ukifika tisa, radi iko kilomita tatu. Na kilomita tatu si mbali hata kidogo, maana radi inaweza kupiga kilomita 10 mbele ya mvua yenyewe, mahali ambapo watu bado wanaona nyota.

Basi bwana akavaa suti, na viatu vyeusi vya soli ya ngozi vilivyosuguliwa mpaka vinang'aa, kwa sababu kulikuwa na picha ya kupeleka Tanga kwenye kundi la familia. Mke akatia kwenye mkoba khanga doti moja na sweta lake. Hakusema kitu.

Tiketi zao zilikuwa za bei nafuu, yaani za mawe yenyewe, juu kabisa, sehemu isiyo na namba: aliyewahi ndiye aliyekaa. Waliwahi. Wakapata mahali pazuri, jukwaa lote mbele yao, na bwana akatandaza mikono pande zote mbili kulinda mipaka. Mke akakunja khanga moja wakaikalia. Kiti cha jirani kilishikwa na nyanya mmoja wa Kiitaliano, mwembamba, mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye. Kutoka humo akatoa mto, akatoa mkate na jibini akawakaribisha kwa ishara, kisha akapanga mapajani pake, kama muuza duka anayefungua asubuhi, koti la plastiki, sweta la sufi, na jozi ya soksi kavu zilizofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Bwana alimtazama kwa huruma. Akamnong'oneza mkewe, "Uzee huo."

Giza likaingia. Kwa desturi ya pale, watu huwasha vishumaa vidogo onyesho linapokaribia kuanza, na bakuli lote la mawe likajaa vimoto. Muziki ukaanza, fidla peke yake kwanza, taratibu sana. Bwana akafumba macho. Sehemu ya kwanza ikaimbwa yote, na haki ya Mungu ilikuwa nzuri. Magharibi, upande wa ziwa, anga lilikuwa likimulika kimyakimya.

Nyanya hakuwa akitazama jukwaa. Alikuwa akitazama chini, walikokaa wapiga fidla.

Watu wengi wanaokwenda kwenye opera ya nje hawajui kwamba mtabiri bora wa hali ya hewa amekaa mbele yao, amevaa nguo nyeusi, ameshika fidla. Fidla ni mbao nyembamba mno, za msprusi juu na za mepo chini, zilizobandikwa kwa gundi inayopikwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Gundi hiyo huchaguliwa kwa makusudi, kwa sababu hufunguka kwa unyevu na joto, na hivyo fundi anaweza kuifungua fidla na kuitengeneza bila kuvunja mbao. Sifa hiyo hiyo ndiyo inayoiua kwenye mvua. Singa za farasi kwenye upinde nazo hunyonya maji zikalegea, upinde hauumi tena uzi, sauti inateleza. Na fidla ya mpigaji wa kiwango kile inaweza kuwa na thamani ya gari, au ya nyumba. Watu wa taarabu Unguja hawahitaji kuelezwa haya. Muulize mpiga ganuni ngozi iliyo chini ya daraja la nyuzi zake inafanyaje siku za masika.

Kwa hiyo mpiga fidla hasubiri mvua. Anasubiri tone. Wala haombi ruhusa: tone moja likigusa mbao, ananyanyuka.

Tone la kwanza lilimwangukia bwana kwenye mkono. Akalifuta kwenye suruali, macho kwenye jukwaa, ambako walikuwa wakijitayarisha kwa sehemu ya pili. Kule chini mwanamke mmoja wa fidla aliinua uso juu. Akageuza kiganja. Kisha akaiingiza fidla ndani ya koti lake, akasimama, akaondoka. Aliyekaa naye akamfuata. Kabla hujamaliza kushangaa okestra nzima ilikuwa imepotea milangoni, wamebaki watu wa kufunika kinubi na zile fidla kubwa za kusimama. Mwongoza okestra alikuwa bado ameshika kijiti chake, haongozi mtu.

Watazamaji wengine walizomea. Maana kwa kweli hapakuwa na mvua; yalikuwa matone ya kuhesabika, na mawe yalikuwa makavu.

Mawe yalikuwa makavu, na hilo ndilo jambo lenyewe. Nyanya alikwisha vaa koti lake. Akakusanya mto, akamgusa mke begani, akaonyesha kidole kwenye mlango wa mawe uliokuwa chini yao, unaoshukia kwenye njia zenye dari zinazouzunguka uwanja kwa ndani.

"Baba watoto, twende."

"Wapi? Tukiondoka hapa tutapata tena kiti hiki?"

"Umeme umemulika nimehesabu, nimefika kumi na tano."

"Ni mbali."

"Saa ile ulipokuwa umefumba macho nilifika thelathini."

"Sehemu ya kwanza imeshaimbwa. Unajua maana yake? Wakivunja sasa pesa hairudi. Soma masharti nyuma ya tiketi. Mimi sitoki hapa."

Alikuwa sahihi kuhusu masharti. Onyesho lisipoanza kabisa unarudishiwa pesa. Likishaanza likakatizwa na mvua, basi. Masharti haya hayakufichwa, na yeye aliyasoma kabla ya mkewe. Lakini tazama alichofanya nayo. Pesa ilikwisha toka mfukoni tangu miezi ile aliponunua tiketi, na kukaa kwake au kuondoka kwake kusingeirudisha hata senti. Yeye akaifanya kuwa sababu ya kukaa. Mpiga fidla hana tiketi ya kulinda, ana fidla. Ndiyo maana akili yake ilikuwa nyepesi kuliko ya maelfu ya watu waliomzunguka. Nimewahi kuwaona watu wa namna ya bwana huyu kwenye basi bovu, kwenye biashara iliyokufa, na kwenye ndoa, lakini nisitoke nje ya uwanja.

Mke alimtazama, akamwachia khanga ya pili, akashuka na nyanya. Vidato vile ni virefu kwa mguu wa mtu, jiwe limelainishwa na nyayo za karne, taa ni hafifu. Walishuka polepole, mkono ukutani, na wakafika.

Upepo ulikuja kabla ya mvua. Ukazima vishumaa vyote vilivyobaki kwa pumzi moja, ukainua karatasi na kofia. Kisha maji. Si manyunyu, wala si masika. Maji yalikuja kwa mlalo, ya baridi, yamechanganyika na vipande vya barafu ukubwa wa njegere. Bwana akajifunika khanga kichwani. Wale waliobaki juu waligeuka msitu wa plastiki za rangi rangi. Waliofungua miavuli walitukanwa na wa nyuma yao mpaka upepo ukaamua ugomvi. Bado alikaa. Alikuwa amekaa kwenye bwawa sasa, maji yakishuka kutoka kidato cha juu yake na kupita chini yake kwenda cha chini.

Kisha mwanga na mlio vikaja pamoja, hapakuwa na nafasi ya kuhesabu hata moja.

Hapo wote waliosema hawatoki wakatoka, kwa wakati mmoja. Warumi walijua kujenga uwanja wa kumwaga watu haraka. Milango na njia zile bado zinafanya kazi baada ya miaka karibu elfu mbili. Lakini hesabu ya Warumi ni ya watu wanaotembea, si ya watu wanaokimbia gizani juu ya jiwe lenye maji, wamejifunika uso kwa plastiki. Mvua peke yake hujeruhi wachache katika mikusanyiko kama hii. Kinachojeruhi ni ile dakika moja ambayo waliochelewa wote wanapata akili pamoja. Soli ya ngozi ilipokutana na jiwe la maji, bwana aliruka vidato viwili bila kukusudia, akatanguliza mkono. Kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika.

Watu wa huduma ya kwanza walikuwapo, walimfikia upesi, wakamfunga mkono kwenye ubao, wakamvika lile shuka la dhahabu la kutunza joto maana meno yalikuwa yakigongana. Mkewe alimkuta kwenye njia ya chini, amekaa juu ya sanduku, anang'aa kama mwana wa Farao. Hakumwambia neno. Sidhani kama kuna adhabu kubwa kuliko hiyo.

Na sasa sikiliza mvua ilivyo na dhihaka. Ilidumu muda wa kupika wali. Wingu likasogea mashariki, wafanyakazi wakatoka na mifagio na matambara marefu kukausha jukwaa, wakapigiwa makofi kuliko waimbaji. Zikasubiriwa dakika zinazotakiwa. Kanuni inayofundishwa kila mahali ni nusu saa tangu ngurumo ya mwisho, na wengi huona ni uoga. Karibu na saa sita wapiga fidla wakarudi, wakavu, fidla zao kavu, wakalinganisha sauti. Onyesho likaendelea mpaka usiku mkubwa. Nyanya alirudi juu, akafuta kidato chake, akaketi juu ya mto, akabadili soksi. Tarumbeta ndefu za maandamano ya ushindi, zile ambazo bwana alikuwa akizisikiliza ndani ya mashimo ya lifti miaka yote, zilipigwa wakati mlango wa gari la wagonjwa unafungwa. Akamwomba dereva asubiri kidogo. Dereva hakuelewa Kijerumani.

Mke aliyepima, aliyehesabu, aliyeshuka mapema, aliyekuwa mkavu mpaka kwenye vidole, naye hakuiona Aida. Alikuwa hospitali, anajaza fomu kwa lugha asiyoijua. Watu wakisimulia kisa hiki hukipita haraka kipengele hicho, wakaishia kumcheka mume. Mimi naona ndicho kizito. Mtu mzima akiamua kulowa ni shauri lake; lakini hakuna anayekwenda opera peke yake, na anayeng'ang'ania kiti humng'ang'aniza na mwenzake.

Bwana aliporudi München aliandika barua kudai pesa, kwa mkono wa kushoto. Jibu lilikuja kwa adabu: sehemu ya kwanza iliimbwa. Alikasirika mwezi mzima, ingawa alikuwa amelitamka jibu hilo yeye mwenyewe, juu ya vidato, kabla ya tone la tano.

Ungesema dawa ni kujenga paa tu. Kule Santa Fe, Marekani, John Crosby alianzisha opera ya nje mwaka 1957, kwenye nyanda za juu za New Mexico, mahali ambapo Julai na Agosti ndio msimu wa mvua za radi. Jumba la kwanza liliungua mwaka 1967. Wakajenga jingine upesi, lenye paa mbele na paa nyuma, na katikati mwanya wazi. Walionunua viti vya katikati wakawa wanalowa huku wenzao wa pande zote mbili wakiwatazama. Hali ikawa hiyo kwa miaka 30, mpaka jumba la 1998 lilipofunika viti vyote. Hata hilo kuta zake za pembeni ni wazi, kwa sababu watu walitaka kuona machweo ya jua, na upepo ukiamua huingia nao na mvua.

Sisi wa pwani paa letu ni kalenda. Sauti za Busara, tamasha lililoanza Unguja mwaka 2004 na linalotumia sana uwanja wa Ngome Kongwe, hufanyika Februari, kabla masika hayajafika. Hakuna mwenye akili angelipanga Aprili. Verona haina nafasi hiyo. Miezi yake ya joto ndiyo miezi yake ya radi.

Waaustria wa Bregenz wametafuta njia yao. Wao huimbia juu ya maji ya Ziwa Constance. Walianza mwaka 1946, vita imetoka tu kwisha, kwa mashua mbili za mizigo zilizofungwa pwani, moja ya jukwaa na nyingine ya okestra. Leo watazamaji karibu 7,000 hukaa ufukweni kutazama jukwaa kubwa lililosimama ziwani. Mwaka 1980 wakafungua jumba kando yake, na siku hizi okestra hukaa humo ndani. Waimbaji walioko nje humwona mwongozaji kwenye skrini, na muziki huletwa kwa spika. Fidla zao hazioni tone.

Kwa mtazamaji, hiyo si habari njema tupu. Fidla ikishafichwa, ile kengele ya Verona haipo tena. Waimbaji wa Bregenz wamezoea kuimba huku wanalowa, na wewe utalowa nao, ukiombwa usifungue mwavuli kwa sababu ya aliye nyuma yako. Unabaki na macho yako na hesabu zako. Mvua ikizidi, onyesho huhamia ndani ya lile jumba, lakini jumba lina viti chini ya 2,000, na humo huingia waliolipia tiketi ya gharama zaidi tangu mwanzo. Usiku wa kwanza wa Madama Butterfly, tarehe 20 Julai 2022, walicheza saa moja hivi juu ya jukwaa lenye umbo la karatasi kubwa na uzito wa tani 300, radi ikaingia ziwani, na kilichobaki kikaimbwa ndani. Wenye tiketi za nje wakaenda zao.

Mwaka uliofuata ule wa mkono kuvunjika, 2019, Bregenz walikuwa na Rigoletto, pamoja na kichwa kikubwa cha mchekeshaji kinachozungusha macho na kufungua mdomo juu ya maji. Safari hiyo tiketi alikata mke. Alikata zile za gharama, zenye haki ya kuingia ndani. Viatu vikawa vya raba, makoti yakawa ya plastiki yenye kofia, simu zikatiwa kwenye mifuko ya nailoni, na walipofika jambo la kwanza alilofanya ni kutembea kutoka kwenye viti vyao hadi mlango wa jumba na kurudi, kungali kweupe. Soksi kavu aliweka jozi nne, mbili za kwao na mbili za kumgawia atakayezihitaji. Mkoba ulibebwa na mume.

Ulikuwa usiku mtulivu, nyota mpaka upande wa Uswisi, haikunyesha hata tone. Bwana alilalamika njia nzima mpaka München kwamba wamelipia paa wasilolitumia.